Fyuzi ya Mbele

Waliileta wakiisukuma watu watatu, mmoja kashika usukani na wawili wako nyuma, na harufu ikawatangulia kama mpiga mbiu. Mama Fundi aliinusa kabla hajainua kichwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa banda, swichi ya honi mkononi, miwani imemshukia puani. Mpira ulioungua una harufu yake, na ganda la waya lililoungua lina harufu yake. Mtu aliyekaa miaka kumi na minane ubavuni mwa fundi umeme wa pikipiki hachanganyi mambo hayo mawili, kama vile mama asivyochanganya kilio cha njaa na kilio cha deko.

"Waya huo," alisema peke yake, akaweka swichi chini, akasimama.

Pikipiki ilikuwa ya Taratibu. Wenzake kituoni walimbandika jina hilo kwa ajili ya mwendo wake. Abiria mwenye haraka akimwona anakuja, hugeuka kutazama pengine. Sasa tangi lilikuwa limebabuka rangi upande wa kushoto, siti imeyeyuka mbele mpaka sponji iko nje, na kifuniko cha plastiki cha pembeni, pale inapokaa betri, kilikuwa kimejikunja kama jani lililopigwa na jua. Taa mbili za ziada zilizofungwa chini ya taa kubwa zilikuwa nzima. Zinang'aa. Utasema hazikuwepo siku hiyo.

"Mama Fundi, njoo uone kazi yenu!" Taratibu alipaza sauti, yeye ambaye hakuwa na kawaida ya kupaza sauti. "Mke wangu kababuka mguu kuanzia hapa mpaka hapa!" Akajipiga chini ya goti, akajipiga kwenye kifundo. "Nimempakia, tunakwenda zetu, sijafika hata kona ya shule, nasikia anapiga ukunga. Nikadhani kaona nyoka. Kumbe plastiki inayeyuka inamdondokea mguuni! Moshi unatoka chini ya tangi! Na tangi lina nini, mama? Lina maji?"

"Yuko wapi mkeo?"

"Zahanati. Wanamsafisha. Analia mpaka huku nje anasikika."

"Mungu ashukuriwe mko hai."

"Mungu nimeshamshukuru. Sasa namtafuta wa kumlaumu."

Mama Fundi aliinama, akatazama taa zile mbili, akaona zimefungwa kwa tepu ya bluu, zungusha zungusha kama bandeji ya mtoto. Damu ikampanda kichwani. Aliijua tepu ile.

Banda lile lilikuwa la marehemu mumewe, na lilikuwa kubwa la kutosha watu wawili wasioelewana. Kulia alikaa yeye. Kushoto alikaa mdogo wa marehemu, shemeji yake, ambaye madereva wote walimwita Disko, kwa kuwa pikipiki ikitoka mikononi mwake huwaka rangi saba na kuimba. Wote wawili walifundishwa na mtu mmoja. Mama Fundi alianza kwa kumpa mumewe bisibisi, akaishia kuishika mwenyewe, na mume alipofariki, mwaka wa tatu sasa, watu walidhani atafunga. Hakufunga. Nyuma ya banda ndiyo nyumba, na mlango wa chumba cha mama mkwe wake unatazama uani, kwa hiyo bibi yule alikuwa anasikia kila neno la banda tangu enzi za mwanawe, la heri na la shari.

Disko aliingia na kikombe cha chai, anapuliza.

"Disko!"

Akasimama. Siku zote alimwita shemeji. Akisikia jina lile kinywani mwake hujua kumekucha.

"Shemeji, hata salamu?"

"Salamu utapewa nikimaliza. Taa hizi kafunga nani?"

"Si mimi? Tepu unaiona. Kwani umeanza leo kuijua?"

"Na fyuzi umeweka, au umeweka karatasi ya sigara kama ile niliyoikuta mwezi uliopita?"

Madereva wakacheka. Kisa kile walikijua. Fyuzi ya mteja ilikatika, Disko akaikunjia ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, akampa mwenyewe aondoke. Mama Fundi alikuja kuigundua, akamtupia usoni.

"Ile ilikuwa dharura," Disko alisema.

"Dharura! Na mguu wa mke wa mtu nao ni dharura?"

"Leo unacheza bila muziki, Disko," dereva mmoja akachokoza.

Disko aliweka kikombe chini kwa kishindo, chai ikamwagika. "Sikilizeni. Nimechoka kila moshi ukitoka mji huu naitwa mimi. Fungua! Fungua mbele ya hawa wote. Nikikutwa sikuweka fyuzi, nahama banda hili leo hii. Nikikutwa niliweka, utaniomba radhi hapa hapa, mama yangu akisikia."

"Nitakuomba radhi kuku akiota meno."

"Basi lete koleo tumng'oe."

Mama Fundi alitaja jina la Mungu, kama alivyofanya kabla ya kufungua chochote, hata kopo la gundi. Akaanza na betri, akatoa waya wa hasi, asije akazusha moto wa pili. Akang'oa siti. Akafungua boliti ya tangi, akafunga koki ya petroli, Taratibu akamsaidia kulinyanyua na kuliweka mbali kivulini. Watu wakasogea. Mwenyekiti wa madereva naye alikuwa ameshafika, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, mikono nyuma.

Waya hauulizwi, waya hufuatwa. Ndivyo alivyosema marehemu, na ndivyo alivyofanya mjane wake. Aliushika pale unapotoka kwenye betri. Ganda lilikuwa halipo. Shaba tupu, nyeusi, inavunjika vunjika mkononi. Akaufuata chini ya tangi, mweusi. Akaufuata mpaka kwenye shingo ya usukani, mweusi, na nyaya za kiwandani zilizopita karibu nao zimeshikana nao kama tambi zilizokauka. Kila alipogusa, hasira ilipanda daraja moja. Alishaandaa maneno. Alishachagua hata mahali pa kusimama atakapoyasema, pale karibu na dirisha la mama mkwe, ili bibi asikie vizuri mwanawe wa pili ni mtu wa namna gani.

Akafika mbele. Ubavuni mwa saa ya mwendo kulikuwa na kisanduku cheusi kidogo, kama kiberiti. Akakifungua kwa ukucha.

Ndani mlikuwa na fyuzi. Ya ampea kumi, sawasawa kabisa kwa taa mbili zile. Aliinyanyua, akaishikia kwenye mwanga. Kijiuzi cha ndani kilikuwa kimenyooka. Kizima.

"Haya!" Disko akaruka. "Haya, haya, haya! Ni nini hiyo, shemeji? Karatasi ya sigara? Wazee, ni nini hiyo?"

"Fyuzi!" wakaitikia madereva.

"Nzima au mbovu?"

"Nzima!"

"Iko wapi? Iko mbele, ubavuni mwa saa, pale pale alipokuwa akiiweka kaka yangu! Wewe unaweka wapi? Pale pale! Tumejifunza darasa moja mimi na wewe, ila mimi nina tepu ya bluu, ndiyo dhambi yangu!"

Na alikuwa anasema kweli. Fyuzi ya mbele ndiyo iliyompa marehemu jina. Mafundi wengine walikuwa wakiificha chini ya siti, na ikikatika njiani, dereva ahangaike kutafuta spana na abiria anamsonya. Marehemu akaona taabu ile, akavuta waya kutoka betri mpaka mbele, akaweka kisanduku kando ya saa, ukucha tu, fyuzi mpya, safari inaendelea. Madereva walikuja kutoka mbali kumtafuta yule fundi wa fyuzi ya mbele. Nyumba ile ya nyuma ilijengwa kwa fyuzi ya mbele.

Mama Fundi alibaki ameishika, uso unamwaka. Kushindwa mbele ya watu kunauma. Kushindwa na Disko kunauma na kuwasha. Akainama tena, si kwa kutafuta neno, bali ili watu wasimwone macho. Ndipo alipouona waya wa bluu unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye taa. Ulikuwa mpya, laini, haujaguswa na moto. Baada ya fyuzi hakukuwa na madhara yoyote. Kabla ya fyuzi palikuwa jehanamu.

Akarudi kwenye shingo. Pale ambapo waya hujikunja kila dereva anapokata kona, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kutwa nzima, shaba ilikuwa imesugua ganda lake juu ya chuma mpaka likaisha. Chuma kikaigusa. Palikuwa na donge dogo limegandia kwenye fremu, kama punje ya mtama.

Akaelewa.

Umeme ulitoka kwenye betri kwa nguvu zake zote, ukafika shingoni, ukakutana na chuma, ukarudi nyumbani kwa njia ya mkato. Haukufika kwenye fyuzi. Fyuzi ilikuwa imekaa kule mbele, nzima, inasubiri habari ambayo haikuletwa. Fyuzi ya mbele haikuwa inaulinda ule waya mrefu hata siku moja. Miaka yote ile.

Jambo lingine nalo aliliona. Marehemu alikuwa akiuvisha waya mpira wa petroli pale shingoni, kipande cha shubiri moja. Disko hakuuvisha. Pale palikuwa patupu, waya na tepu yake ya bluu basi.

Hapo angeweza kuishia. Neno lenyewe lilishafika ulimini: hukuvisha mpira. Lilikuwa neno la kweli, halina uongo hata chembe. Disko angenywea, Taratibu angepata wa kumlaumu, mama mkwe angeguna na kurudi ndani, na marehemu angebaki alivyokuwa, fundi asiye na doa, ambaye mjane wake anaishi kwa sifa zake. Neno moja tu. Na tangu mwaka juzi alikuwa analitafuta neno kama hilo la kumkalisha Disko.

Lakini mpira una miaka mingapi juani? Wa kwanza kabisa aliuvisha yeye mwenyewe, mumewe akiwa ameshika tochi. Miaka kumi na miwili. Mpira ule wa petroli ukikaa juani hukauka, ukikauka hupasuka. Na pikipiki zile bado zinatembea. Zinabeba watoto wa shule.

Mwenyekiti alikohoa. Alikuwa mtu wa kupenda kufunga vikao.

"Basi jamani, fyuzi tumeiona, fundi hana kosa. Huenda Taratibu umeiosha kwa maji ya presha, au ndiyo hivyo, mambo ya njiani. Ajali haina kinga. Hii tuseme ni kazi ya Mungu, tumchangie mwenzetu dawa, tuendelee—"

"Msimsingizie Mungu!"

Mama Fundi alipiga kelele mpaka njiwa wa juu ya bati wakaruka.

"Kazi ya Mungu! Mungu ndiye aliyevuta waya huu? Mungu ndiye aliyeupitisha hapa juu ya chuma? Kila mkiharibu kwa mikono yenu mnamtafuta Mungu mmkabidhi uchafu wenu! Huu waya una mwenyewe. Njooni muone. Wewe, Mwenyekiti, sogea, acha kusimama kama mgeni rasmi. Sogea!"

Akasogea.

Mama Fundi alivuta betri ya akiba iliyokuwa chini ya benchi, akaiweka mezani pamoja na kipande cha fremu ya zamani. Akafunga hasi kwenye chuma. Akachukua waya mwembamba, akaanzia kwenye chanya, akaupeleka mpaka mwisho wa meza, akaweka fyuzi pale mwisho, kisha taa ndogo. Taa ikawaka.

"Hii ni fyuzi ya nini?"

"Ya mbele," wakasema.

"Sasa nasugua waya hapa katikati, kama shingo inavyosugua." Akakwangua ganda kwa kisu, akaubana waya kwa koleo, akaugusisha kwenye chuma.

Ulichemka. Ganda lilitoa povu, moshi ukapanda, harufu ile ile ya asubuhi ikajaa banda zima. Akaunyofoa haraka, akautupa sakafuni, ukaacha alama kwenye saruji. Akachomoa fyuzi, akampa Taratibu.

"Itazame."

Taratibu aliitazama. "Nzima."

"Nzima! Haya, subirini." Akachukua waya mwingine kama ule, na safari hii akaweka fyuzi jirani kabisa na betri, hata shubiri haikutimia. Taa ikawaka. Akakwangua, akagusisha. Ikasikika tik, kama mtu aliyevunja kijiti, taa ikazima. Hakuna moshi. "Taratibu, shika waya."

"Sishiki, mama. Familia yangu imeshaungua ya kutosha leo."

"Shika!"

Akaugusa kwa kidole kimoja, kisha viwili, kisha akaukamata wote. "Baridi," alisema, na sauti yake ikashuka.

"Fyuzi ni mlinzi. Ukimlaza mlinzi chumbani kwako, mwizi akavunja geti, mlinzi atajuaje? Anatakiwa kukaa getini. Na geti ni betri." Akamgeukia shemeji yake. "Disko, ulitaka nikuombe radhi. Radhi hiyo, chukua. Fyuzi uliweka. Hukuvisha mpira, na kwa hilo nitakuja kwako baadaye, usidhani nimesahau. Lakini fyuzi uliiweka ulipofundishwa kuiweka. Nami naiweka pale pale. Aliyetufundisha alikosea."

Mwenyekiti alitoa mikono nyuma.

"Alikosea," akarudia, kwa sauti iliyofika mpaka uani. "Marehemu mume wangu alikosea, nami nikakosea nyuma yake, miaka kumi na miwili. Kila pikipiki yenye fyuzi ya mbele irudi hapa. Naihamisha bure. Leo."

"Wee mwanamke!"

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wake, ungo wa maharage mkononi. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, lakini sauti yake ilikuwa imelea watoto saba bila kiboko.

"Nimekaa nasikia, nikasema labda masikio yangu. Unamvua nguo mwanangu mbele ya wanaume? Na yuko chini ya udongo hawezi kukujibu?"

"Mama, sijamvua nguo."

"Umefanya nini basi? Banda lake, kigoda chake, bisibisi yake, jina lake ndilo linalokulisha, halafu unasimama juu yake unasema alikosea! Wenzako waume zao walikuwa walevi na bado wanawaombea pepo!"

"Nami namwombea, mama. Asubuhi na jioni. Lakini kuna mwanamke zahanati anachubuliwa ngozi ya mguu sasa hivi. Kesho atakuwa mwingine, na tangi litakuwa limejaa. Unataka nikae kimya niombe?"

"Nataka umheshimu!"

"Mama, nimemheshimu mpaka nimechoma mtu!"

Bibi aliukumbatia ungo wake. Alimtazama mwanawe wa pili, akitegemea atasema neno. Disko alikuwa anatazama ule waya sakafuni. Bibi akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na kitasa kikalia mara mbili. Mama Fundi alitazama mlango ule. Alikuwa amekula naye sahani moja tangu msiba, bila kukosa hata siku moja. Moyo ulimuuma, na kuumwa huko hakukumpunguzia hasira, kulimwongezea. Alimkasirikia bibi, akamkasirikia Disko kwa kunyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu ajaliwe kuolewa akamkasirikia mumewe kwa dhati. Mtu hodari kiasi kile, mkono mwepesi kiasi kile, na hakuwahi hata siku moja kuuliza waya unapita wapi kabla ya kufika! Alisifiwa akaacha kuuliza. Na yeye mke, aliyekaa pembeni, alikuwa anasifu pamoja na wengine.

"Mwenyekiti," alisema, "mdomo wako huo wa vikao utumie leo. Piga simu."

Kufikia adhuhuri pikipiki zilijaa uani mpaka barabarani. Disko alikuwa amechukua upande wake, akageuza mgongo, akaanza kung'oa siti bila kuambiwa na bila kusema na mtu. Wakafanya kazi hivyo, kila mmoja na ukuta wake. Mkato, fyuzi jirani na betri, waya mpya, mpira mpya shingoni, waya ufungwe usivutike usukani unapogeuka, honi, taa, chaja ya simu kila kimoja na fyuzi yake. Hakuna aliyefungua redio.

Saa nane Disko alisema, mgongo umegeuka bado, "Shemeji. Njoo."

Alikwenda. Chini ya tangi la pikipiki iliyokuwa mbele yake mpira wa shingoni ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mkulima, na ndani yake shaba inameta. Bado siku chache. Mama Fundi alilitambua fundo la waya ule. Si la marehemu. Lilikuwa fundo lake mwenyewe, la mwaka jana tu. Alisubiri Disko aseme, kwa kuwa alikuwa na kila haki ya kusema. Disko alikata waya, akautupa kwenye debe, akaendelea.

"Asante," alisema Mama Fundi, kwa ukali.

"Usinikasirikie mimi," Disko alijibu. "Mimi leo zamu yangu imepita."

Karibu na alasiri akaja Babu Gia, dereva wa zamani kuliko wote, ambaye alianza kazi wakati barabara ile ni mashimo matupu. Hakuzima injini.

"Nimepigiwa simu nikaja kwa heshima. Nimeshaheshimu, naondoka. Yangu aliifunga marehemu mwenyewe kwa mikono yake. Haijawahi kunipa hata chafya."

"Zima, baba."

"Sizimi. Mnataka kuniharibia. Wanawake mkibaki peke yenu mnaanza kupekua makosa ya waliotangulia."

Mama Fundi alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo, injini ikafa, akautia kifuani mwake. Uani kukalipuka kicheko. Babu Gia alinyoosha mkono, akaona unapoelekea, akaurudisha haraka mfukoni.

"Huo ni wizi!"

"Nenda kashtaki. Ukifika polisi uwaambie ufunguo uko wapi. Sasa shuka."

Akashuka, analaani chini chini. Mama Fundi aling'oa siti, akanyanyua tangi, akafika shingoni. Watu wakanyoosha shingo kutazama.

Mpira ulikuwa laini. Akaukunja, haukupasuka. Akauvua, akaukagua waya wote kwa kidole, kutoka betri mpaka mbele. Ganda zima, halina hata mkwaruzo. Mafundo yote ya marehemu yalikuwa pale, madogo, yamelingana, yamepakwa lehemu kwa ustadi ambao yeye hajaufikia mpaka leo.

"Ehe?" Babu Gia alimwinamia. "Semeni basi. Kiko wapi hicho kidonda?"

"Hakuna."

"Nini? Sikusikia, nina masikio ya kizee."

"Hakuna! Ni mzima!"

"Mmesikia? Mzima! Miaka kumi na moja! Sasa funga siti yangu, unipe ufunguo, ukamwombe mama mkwe wako msamaha."

Mama Fundi alibaki ameushika waya ule. Kazi nzuri kama ile haikatwi kwa raha. Alitamani kumpiga mtu kofi, na hakukuwa na mtu anayestahili zaidi ya Babu Gia, na hata yeye hakustahili sana. Akachukua koleo.

"We! Si umesema mzima?"

"Mzima leo." Akaukata jirani na betri. "Hata wa yule mwenzako jana ulikuwa mzima."

"Marehemu angekuona angesema nini?"

"Angebisha!" alisema, na machozi ya hasira yakamtoka, hakuyafuta. "Angebisha mpaka jioni, alikuwa mbishi kuliko wewe. Halafu ningemwonyesha. Shika hapa, acha kelele, baba, shika hapa!"

Babu Gia akashika. Mama Fundi akafunga fyuzi kwenye geti lake, akavuta waya mpya, akauvisha mpira, akaugeuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akitazama kama unavutika. Haukuvutika. Akageuka ukutani, akautoa ufunguo, akamkabidhi pamoja na spana ndogo ya kufungulia siti.

"Na hii itie mfukoni. Ikikatika njiani utafungua siti kama wenzako. Utapoteza dakika tano."

"Dakika tano kwa umri wangu ni nyingi," alinung'unika Babu Gia, akawasha taa, zikawaka, akapiga honi, ikalia. Hakusema asante. Aliondoka kwa gia ya kwanza mpaka kona, injini inapiga makelele, makusudi.

Nyuma yake zilikuwa zimebaki pikipiki kumi na tisa, na mlango wa mama mkwe ulikuwa bado umefungwa. Dereva aliyefuata alisukuma yake mbele kidogo kidogo, kama mtu anayesogelea sindano.

"Mama Fundi, yangu nayo ni ya marehemu. Ukiikata nitalia."

"Lia," alisema, akijifuta mikono kwenye kanga. "Lia huku unafungua siti."